Sentimita Tisini za Mama Tepu

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Mlango wa studio hii una upana wa sentimita tisini na mbili. Nimeupima mwenyewe leo asubuhi, na fundi mitambo wangu akaniangalia kama mtu aliyepungukiwa na kitu kichwani. Nikamwambia aache kunikodolea macho, aje ashike upande wa pili. Tisini na mbili. Zamani ulikuwa sabini.

Nawapa habari za mlango kwa sababu Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, alifariki dunia mwanamke aliyetufanya tuupanue. Huu, na mingine mia mbili na zaidi. Wengi wenu mnamjua kwa jina moja tu, Mama Tepu. Alikuwa mbunge wa wilaya yetu katika bunge la jimbo kwa miaka ishirini. Vipindi vinne, mfululizo. Kabla ya ubunge alikuwa fundi cherehani. Baada ya ubunge alirudi kuwa fundi cherehani. Ametutoka akiwa na miaka sabini na moja.

Sasa tuelewane mapema. Leo sitalia hewani. Nimeshalia tangu Jumanne, na mume wangu ameniambia nimemmalizia leso zake zote. Mama Tepu alishinda, wasikilizaji, na habari ya mtu aliyeshinda haisimuliwi kwa sauti ya kunong'ona. Tena siko peke yangu hapa. Kando yangu yupo dada yake mkubwa, mwenye miaka sabini na sita, katika kiti chake cha magurudumu. Ameomba asiseme mpaka mwisho. "Kuongea ni kazi yako," ameniambia. "Mimi nitasikiliza kama umekosea." Haya, dada. Nisikilize.

Tuanze na chumba. Chumba kimoja, nyuma ya soko, rangi ya kijani ukutani imebanduka, vyerehani viwili vinatazamana. Dada mkubwa upande wa dirisha, mdogo upande wa mlango. Dada ndiye aliyemfundisha kazi. Siku ya kwanza alimvisha shingoni tepu ya njano, ile laini ya mafundi wa nguo, akamwambia, "Hii ikikaa shingoni, pima kwanza, maneno baadaye." Hilo la kuchelewesha maneno halikumwingia kabisa. La kupima lilimwingia mpaka kwenye mifupa.

Ukiingia tu mlangoni, alishajua kiuno chako. "Umeongezeka," anakuambia, hata hujasalimia. Kulikuwa na jirani yao, muuza viatu, mtu mzima na heshima zake. Alikuwa anazunguka soko zima asipite mbele ya chumba kile, kwa kuogopa kuambiwa ukweli mbele za watu.

Na hakuwa malaika, msinielewe vibaya. Nguo alikuwa anazichelewesha. Gauni langu moja alilimaliza baada ya miezi kumi na minne. Nilipolijaribu halikufunga zipu, akanilaumu mimi.

Basi, miaka arobaini na moja iliyopita, dada mkubwa alikuwa mjamzito. Walikuwa wamemngoja mtoto huyo kwa miaka mingi. Uchungu ulimkuta kwenye cherehani, mchana, mvua inanyesha, mumewe dereva wa lori yuko safarini. Mdogo wake akampeleka kituo cha afya cha wilaya. Wakamlaza kwenye machela ya magurudumu. Wakamsukuma mpaka mlangoni. Machela haikupita.

Narudia, wasikilizaji, maana hata mimi nilipoambiwa mara ya kwanza niliomba nirudiwe. Machela ya kituo cha afya haikupita kwenye mlango wa kituo cha afya. Mlango ulikuwa na sentimita sitini na nane. Machela ilikuwa na sentimita sabini na tano. Miaka yote wagonjwa walikuwa wanainamishwa ubavu, kama kabati linalohamishwa, halafu ndiyo wanapita. Wahudumu walishazoea. Siku hiyo sakafu ilikuwa imelowa. Walipoinamisha machela, dada aliteleza, akaanguka kwa mgongo kwenye ngazi ya saruji.

Mtoto alizaliwa palepale, kwenye kibaraza, mvua ikiwarushia maji. Mtoto mzima, wa kike, analia vizuri. Lakini mama yake hakusimama tena kwa miguu yake mpaka leo hii.

Mtoto yule sasa ni mwalimu wa hesabu, na nyumbani wanamwita Kibaraza. Nilimpigia simu juzi kumpa pole. Akaniambia, "Mama mdogo ndiye aliyenibandika hilo jina. Nilipokuwa shule nililichukia. Nikamwambia wenzangu wananicheka. Akaniambia, waache wacheke, mimi sitaki mtu yeyote katika wilaya hii asahau ulipozaliwa. Shangazi, mimi nilikuwa tangazo lake la kwanza!" Akacheka.

Siku ya tatu baada ya ajali, Mama Tepu alirudi kituoni na tepu yake ya njano. Akapima mlango. Akapima machela. Akamwuliza mganga mkuu, "Hamkuona?" Mganga akamjibu kwamba mlango ule aliukuta. Akaenda ofisi ya ujenzi. Wakamwambia, mama, hakuna sheria inayotaja upana wa mlango. Akauliza, "Hizo sheria zinashonwa wapi?" Karani akacheka, akamwonyesha kwa kidole jengo jeupe juu ya kilima. Bunge la jimbo.

Aligombea mara ya kwanza, akapata kura mia tatu. Wapinzani wake wakasema hao mia tatu ni wateja wanaotaka nguo zao zimalizwe. Aligombea mara ya pili, akaambulia patupu tena. Mara ya tatu aliacha kupanda majukwaani. Alipita nyumba kwa nyumba, tepu shingoni. Anabisha hodi, anasalimia, anapima mlango, halafu anauliza swali moja: "Ndani humu, nani hatoki?"

Wasikilizaji wapendwa, swali hilo lilifungua mambo. Kila mtaa ulikuwa na mtu. Mzee aliyepooza, hajaona barabara kwa miaka miwili. Msichana mwenye magongo aliyeacha shule kwa sababu ya ngazi. Watu walikuwa wanawapenda, wanawalisha, wanawaosha, lakini walishakubali kwamba wao ni watu wa ndani. Mama Tepu hakukubali. Akapata ubunge akiwa na miaka arobaini na moja.

Siku ya kuapishwa alimpeleka dada yake bungeni. Sasa hapa ndipo nataka mtege sikio, maana mambo yote yaliyofuata yalianzia hapa. Wageni wana mlango wao, wa pembeni, kutoka kwenye korido. Mlango mkubwa ni wa wabunge peke yao, na kwa kanuni mgeni haupiti. Mlango wa wageni ulikuwa na sentimita sitini na mbili. Kiti cha dada kilikuwa na sitini na sita. Askari wa bunge, vijana wazuri tu, wakasema, "Mama, tukubebe." Dada akawaangalia mmoja mmoja.

"Mimi si gunia," akasema. "Nitaingia siku nitakayopita mwenyewe."

Akabaki koridoni, sherehe nzima, anasikiliza makofi yaliyokuwa yanatoka ndani. Mama Tepu alipotoka, ameshaapa, ana maua mkononi, alimkuta pale. Baadaye aliniambia, "Siku ile niliapa mara mbili. Mara ya kwanza ndani, wakapiga makofi. Mara ya pili koridoni, na dada akaniambia nipunguze maneno, amechoka, anataka kwenda nyumbani."

Kwa hiyo mnajua sasa alichokuwa anakitafuta. Sheria moja. Kila jengo la umma katika jimbo, liwe zahanati, shule, ofisi au posta, mlango wake usipungue sentimita tisini. Tisini. Na dada yake aingie bungeni kwa magurudumu yake mwenyewe, bila kubebwa na mtu.

Miaka mitatu alipima. Siku za kikao yupo bungeni, siku nyingine yupo milangoni. Akarudi na orodha ya milango mia tatu iliyopungua sentimita tisini. Mia tatu, kila mmoja na jina la jengo na kipimo chake. Mwaka wa nne akawasilisha muswada.

Na hapo ndipo alipoteleza. Waziri wa ujenzi wa jimbo alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza chumba, na hakuutaka muswada ule. Kimyakimya akatuma mafundi wake na tepu za chuma, wakaipitia orodha yote. Siku ya mjadala akasimama. "Mheshimiwa Spika," akasema, "katika milango hii mia tatu, milango thelathini na saba ina sentimita tisini au zaidi. Mheshimiwa ametudanganya mara thelathini na saba. Tepu yake imelegea kama hoja yake!"

Bunge lilicheka mpaka wengine wakapiga meza. Muswada ukatupwa.

Na mimi, wasikilizaji, nilicheka. Lazima niseme. Nilikuwa mwandishi mdogo, sina hata miaka mitatu kazini, na jioni ile katika taarifa nilisema hewani, "Mbunge wetu anapima milango kama anavyopima viuno vya wateja, kwa kukisia." Nilijiona nimesema jambo la maana sana. Nilipongezwa.

Dada amenisimulia yaliyotokea nyumbani. Mama Tepu aliingia, hakusalimia, akavua tepu yake ya njano akainyoosha juu ya meza ya kukatia. Akachukua tepu mpya ya dada yake akaiweka kando yake. Mwanzo zilianza pamoja. Zilipofika tisini, ile ya njano ilikuwa imepita mwenzake kwa sentimita mbili nzima.

Kosa hilo, jamani, mtu mwingine asingelifanya. Tepu ya mafundi wa nguo huvutika. Ukiivuta kila siku, kiuno hiki, nyonga hizi, mwaka baada ya mwaka, inarefuka bila wewe kujua. Mlango wenye sentimita tisini na moja, yenyewe inakusomea themanini na tisa. Kwenye gauni hakuna anayeona, utapunguza kidogo pembeni na maisha yataendelea. Fundi anayejua kazi hubadilisha tepu kila mwaka.

"Nilikufundisha ubadilishe," dada akamwambia.

"Najua."

"Mbona hukubadilisha?"

"Ndiyo uliyonivisha siku ya kwanza, ulipokuwa unasimama. Nilishindwa kuitupa."

Dada akamwambia, "Basi usiitupe. Lakini kesho kanunue ya chuma."

Asubuhi Mama Tepu hakwenda kwanza bungeni. Alikuja hapa. Alinikuta mezani kwangu, nikatamani ardhi ipasuke. Hakunigombeza. Aliomba dakika tano hewani, akapewa. Akawaambia nyote, "Mimi ndiye niliyekosea. Tepu yangu ilivutika na sikuikagua. Milango thelathini na saba nimeisingizia." Halafu akatoa tepu mpya ya chuma, hapohapo hewani, nikasikia inavyolia kwa kuvutwa, akapima mlango wa studio. "Sentimita sabini," akasema. "Na wewe binti, endelea kucheka. Lakini ukivunjika mguu utachekea nje."

Fundi mitambo wa wakati ule, marehemu sasa, alicheka mpaka akasahau kuweka muziki.

Siku ileile aliyasema maneno hayohayo bungeni. "Nilikosea." Wabunge hawajazoea kitu kama hicho, wasikilizaji. Walitazamana kama watu waliosikia harufu ya kitu kinachoungua. Kisha akazunguka kwenye ile milango thelathini na saba, mmoja mmoja, kuomba radhi. Mlinzi mmoja wa posta alinieleza, "Mama alikuja akaniambia, mlango wako ni mzuri, nilikusema vibaya, nisamehe. Nikamwambia, mama, mimi si mwenye mlango. Akasema, lakini wewe ndiye unayekaa nao."

Halafu akaanza upya. Mia tatu yote, kwa tepu ya chuma. Na safari hii kila mlango alipima mbele ya mlinzi au mfagizi wa jengo, mtu anayeufungua kila asubuhi, na huyo mtu ndiye aliyesoma kipimo kwa sauti na kutia sahihi. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba. Ilimchukua miaka miwili na nusu. Ikabaki milango mia mbili sitini na mitatu. Kumbukeni hesabu hiyo. Mia mbili sitini na mitatu, na hakuna hata mmoja wa kubishia.

Katikati ya kazi hiyo ukafika uchaguzi. Wapinzani walipita mitaani wamejivisha tepu kuukuu shingoni, wanazivuta, watu wanacheka. Alishinda kwa kura mia moja na kumi na mbili. Mojawapo ilikuwa ya dada, aliyeipiga nje kwenye kibaraza cha shule, watu wakimchungulia begani, maana mlango wa chumba cha kupigia kura haukupitisha kiti chake. Kura ya siri, jamani, na mtaa mzima umeiona!

Mwaka wa saba aliurudisha muswada. Mimi nilikuwemo bungeni siku hiyo, na kipaza sauti mkononi, natangaza moja kwa moja.

Bunge letu lina desturi yake. Mbunge anayewasilisha muswada anaruhusiwa mgeni mmoja wa heshima. Spika humtaja mgeni, mgeni husimama, wabunge humpigia makofi, ndipo kazi inaanza. Kila mtu anajua. Spika wetu wa wakati ule alikuwa mzee mkali, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kanuni mpaka kwenye vifungo vya koti. Akamtaja mgeni wa Mama Tepu. Hakuna aliyesimama. Akamtaja tena.

"Mheshimiwa, mgeni wako yuko wapi?"

"Yuko mlangoni, Mheshimiwa Spika."

"Aingie basi."

"Haingii."

"Kwa nini haingii?"

"Mlango wako ni sentimita sitini na mbili, Mheshimiwa Spika. Kiti chake ni sitini na sita."

Askari mmoja wa bunge akasogea, akainama, akasema chini kwa chini kwamba wangeweza kumbeba. Na kutoka koridoni, wasikilizaji wapendwa, ikaja sauti. Mlioisikia redioni siku ile mnaikumbuka. "Nilishasema mimi si gunia!"

Spika alivua miwani. Akainuka kwenye kiti chake. Sijawahi kuona Spika anashuka kikao kikiendelea, wala sijaona tena. Alitembea mpaka kwenye mlango wa wageni, akamkuta dada pale, amekaa, amevaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe. Wakatazamana. Spika akaita, "Waziri wa ujenzi, njoo."

Waziri akaja, tumbo mbele. Mama Tepu akampa tepu ya chuma. Hakusema neno, na kwake yeye hilo lilikuwa jambo kubwa. Waziri akapima.

"Soma kwa sauti," Spika akamwambia.

"Sitini na mbili."

"Sasa pima kiti."

Waziri akainama. Mtu mnene kuinama si mchezo. Akapima. "Sitini na sita," akasema, na sauti yake haikujaza chumba tena. Alibaki ameinama vile, uso wake sawa na uso wa dada. Niliwahi kumwuliza dada walisemezana nini pale. Ananitazama sasa hivi, ngoja niwaambie. Waziri alisema, "Samahani, mama." Dada akamwambia, "Umeongezeka."

Wakarudi ndani. Spika akaamuru mlango uachwe wazi ili mgeni asikie. Mama Tepu aliweka mezani karatasi mia mbili sitini na tatu, zenye sahihi na madole gumba ya walinzi na wafagizi, akasema, "Safari hii sikupima peke yangu." Ndiyo hotuba yake yote. Kura zikapigwa. Wabunge sitini na saba. Hapana, kumi na sita. Ndiyo, hamsini na mmoja. Wa kwanza kuinua mkono alikuwa waziri wa ujenzi.

Nilipiga kelele hewani. Mkuu wangu wa kazi alinipa onyo kwa maandishi, ninalo mpaka leo, nimeliwekea fremu.

Baada ya wiki tano mafundi walikuwa wamebomoa mlango wa wageni bungeni na kuujenga upya. Dada akaja na gauni lilelile la bluu. Akashika magurudumu kwa mikono yake miwili, hakuna aliyemsukuma, akapita. Akaenda mpaka mbele, akageuza kiti, akatulia. Spika akamtaja mgeni, na kwa kanuni mgeni anatakiwa kusimama. Yule mzee akasema, "Kwa kuwa mgeni wetu amekaa, tutasimama sisi." Na wabunge wote sitini na saba wakasimama. Waliopiga kura ya hapana nao wakasimama. Mama Tepu, jasiri wetu, mtu aliyetukanwa miaka saba hakutoa chozi, alirudi kitini akajifunika uso kwa orodha yake, akalia kama mtoto.

Studio yetu, nawaambia ukweli, haikuwamo kwenye sheria ile. Sisi si jengo la umma. Tuliupanua mlango kwa aibu tu, na nadhani alijua tutaupanua.

Miaka kumi na mitatu iliyobaki ya ubunge wake aliimaliza kwa kufuatilia. Kupitisha sheria ni kitu kimoja, kubomoa ukuta ni kingine. Orodha ilibandikwa kwenye ukuta ule wa kijani, na kila mlango uliopanuliwa alilikata jina lake kwa mstari wa chaki ya fundi. Aliwasumbua wakurugenzi mpaka wengine wakawa wanatorokea dirishani wakimwona. Kituo cha afya kilikatwa mwaka wa kwanza. Shule ile ya kupigia kura, mwaka wa pili, na dada akapiga kura ya siri kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akakataa katakata kutuambia kampigia nani. Mlango wa mwisho, wa mia mbili sitini na tatu, ulikatwa wiki mbili kabla ya kipindi chake cha nne kwisha. Akasema, "Nimemaliza," hakugombea tena. Akarudi kwenye cherehani chake, upande wa mlango, na wateja wakaanza tena kungoja nguo.

Sasa dada, ni zamu yako. Sogea kwenye kipaza sauti. Hapo hapo.

"Asante, binti. Umekosea mahali pamoja. Gauni lilikuwa la zambarau." Jamani! "Mimi sina mengi. Wiki iliyopita mdogo wangu alizidiwa mchana. Tukampeleka kituo cha afya, kilekile. Wakamlaza kwenye machela. Tulipofika mlangoni akawaambia wasimame. Akaniambia, dada, tangulia. Nikamwambia, wewe ndiye mgonjwa, tangulia wewe. Akasema, tangulia, mimi nikuone unapita. Tukabishana pale, watu wanatungoja. Mnamjua. Basi nikapita kwanza, nikageuka. Wakamwingiza amelala chali, sawasawa, hakuna aliyemwinamisha. Macho alikuwa ameyafumba. Akaniuliza, imegusa? Nikamwambia, haijagusa popote. Akasema, haya. Ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho yenye maana. Baada ya hapo alikuwa ananidai maji na kunigombeza tu."

Asante, dada. Niliahidi sitalia hewani. Nipeni sekunde moja.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwako wewe, dada, uliyemvisha tepu ya kwanza. Pole kwa Kibaraza, mwanetu, na kwa wanafunzi wake. Pole kwa walinzi na wafagizi waliotia sahihi zao na madole gumba yao, popote mlipo. Mungu ampokee, na huko alikokwenda wajiandae, maana atafika na tepu.

Na sisi tuliobaki, nina ombi moja. Leo ukifika nyumbani, kazini, dukani kwako, usiingie moja kwa moja. Simama mlangoni. Pima kwa tepu, kwa kamba, kwa mikono yako ukitaka. Halafu jiulize swali lake: ndani humu, nani hatoki? Na nje kule, nani haingii? Ukipata jina la mtu, fanya jambo kabla wiki haijaisha.

Dada anaondoka sasa. Amekataa kusukumwa, nilishajua. Fundi mitambo, tafadhali usiweke muziki. Acha kipaza sauti wazi, kielekeze mlangoni. Sikilizeni anavyopita.

Mmesikia chochote? Hata mimi sikusikia. Haijagusa popote.